Barua kwa Mama Kulwa: Giselle, Minza na suala la mama wa kambo

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Baba Kulwa na wote wa nyumbani hapo Sengerema. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mguu wangu umepona kiasi cha kuniwezesha kupanda tena mawe ya huku kwetu, na Bhoke anakusalimu na kukukumbusha kwamba kikapu chake bado kipo kwako. Nimekaa kimya muda mrefu, na wewe unanijua vya kutosha kutambua kwamba barua yangu ikija baada ya kimya cha namna hii huwa imebeba ombi. Basi nisikuzungushe: ninakuomba uje Mwanza wakati wa likizo ya Juni ili utusimulie filamu.

Usicheke kwanza. Kamati ya watoto ya mtaa wetu, ambayo Mwalimu Masanja aliniingiza bila kuniuliza, imekubaliana kwamba Jumamosi za likizo watoto waonyeshwe filamu katika ukumbi wa kanisa badala ya kuachwa wazurure hadi mwaloni, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua ile ya kwanza. Nimechagua Enchanted, filamu ya Disney ya mwaka 2007 iliyoongozwa na Kevin Lima, ambamo binti wa hadithi za kale anasukumwa kutoka katika nchi yake ya kuchorwa, iitwayo Andalasia, akajikuta katika New York ya kweli yenye magari, makelele na mawakili wa talaka. Inachukua dakika 107, haina matusi, haina sehemu za kumfanya mzazi akohoe na kutafuta rimoti, na mimi mwenyewe nimeitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Tatizo ni kwamba maneno yake yote ni ya Kiingereza, na watoto wetu wengi wanasoma katika shule za msingi za hapa hapa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa pembeni na kipaza sauti akisimulia kwa Kiswahili.

Mtu huyo tulimpata, au tulidhani tumempata. Ni kijana anayesimulia filamu katika kibanda umiza kimoja, yaani kibanda cha kuonyeshea video, mwepesi wa ulimi na mwenye adabu, naye alikuja kufanya majaribio sebuleni kwangu. Ufundi huo ninauheshimu. Wanetu walikua wakimsikiliza Lufufu, yule msimulizi maarufu wa filamu, kwenye kanda, na wote wametoka salama. Kijana alianza vizuri sana. Malkia Narissa akamfanya mchawi aliyehitimu Gamboshi, kile kijiji kinachosifika kwa uchawi, mwanamfalme Edward akawa mtoto wa tajiri wa dhahabu wa Geita, na Edward alipolipanda basi la New York na kulichoma upanga akidhani ni dubwana lililommeza mchumba wake, kijana akatangaza kwamba konda amegoma kurudisha chenji. Bhoke alicheka hadi akashika ukuta. Lakini kijana hakujua kunyamaza, na filamu hii ina mahali ambapo asiyenyamaza anaiharibu yote. Wewe unajua kunyamaza. Tulipokuwa chuoni Butimba, ulipokuwa ukisimulia hadithi bwenini usiku, kilichotutia hofu kilikuwa kile kituo ulichoweka kabla ya zimwi kubisha hodi, kuliko zimwi lenyewe.

Tena filamu yenyewe inafunguliwa na msimulizi. Sauti ya kwanza kusikika ni ya Julie Andrews, sauti ya bibi anayefungua kitabu, halafu zinafuata kama dakika kumi za michoro ya mkono, kwa mtindo ule ule wa zile za zamani: Snow White ya mwaka 1937, Cinderella ya 1950 na Sleeping Beauty ya 1959. Kwa hiyo bibi wa Sengerema mwenye kipaza sauti hatakuwa mgeni katika filamu hii.

Niruhusu nikueleze inavyokwenda, kwa sababu najua utataka kujiandaa. Giselle anaishi msituni na wanyama wanaomsaidia kazi. Edward anasikia wimbo wake, anamfuata, anamdaka akianguka kutoka juu ya mti, wanaimba pamoja, na papo hapo wanakubaliana kufunga ndoa kesho yake asubuhi. Narissa, mama wa kambo wa Edward, anaona kwamba kijana akioa yeye atapoteza kiti cha enzi, hivyo anajigeuza ajuza na kumsukuma Giselle kisimani, kumpeleka mahali ambapo, kwa maneno yake, hakuna wanaoishi raha mustarehe milele. Binti anaibukia kwenye mfuniko wa mtaro katikati ya Times Square akiwa na gauni la harusi lenye upana wa daladala, na kuanzia hapo si michoro tena, ni watu. Amy Adams ndiye anayemwigiza, na ustadi wake ni kwamba hajigeuzi kichekesho hata mara moja. Anaamini kila analolisema, na sisi ndio tunaocheka, kisha tunajiuliza kwa nini tumecheka. Anaokotwa na Robert, wakili wa talaka anayemlea binti yake wa miaka sita peke yake baada ya mke kuondoka. Asubuhi Giselle anafungua dirisha na kuwaita wanyama waje wafanye usafi kama walivyofanya msituni, na kwa kuwa hapo ni mjini, wanaoitika ni njiwa, panya, nzi na mende. Mende wanasugua beseni la kuogea, Mama Kulwa! Watoto wa Bhoke walijigaragaza kwa kicheko. Mimi nilikwenda kuangalia chini ya kabati langu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Unajua hali ya mwanangu Mabula tangu mama wa binti yake Minza aende zake Kahama. Sina haja ya kurudia. Mwezi wa nane Mabula anaoa. Binti ni wa Musoma, muuguzi, mpole, anasalimia vizuri, na mimi sina neno naye. Mwenye neno ni Minza. Mtoto wa miaka sita, Mama Kulwa, umri ule ule wa Morgan, binti wa Robert, na mimi niliichagua filamu hii kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya mtaa mzima, ingawa kamati haijui hilo na ninakuomba usimwambie Mwalimu Masanja. Yule binti wa Musoma alimletea Minza gauni la rangi ya machungwa, na gauni hilo limelala kwenye mfuko wake tangu Pasaka. Nilipomuuliza kwa nini halivai, alinijibu kwamba mama wa kambo kwanza huleta nguo. Nani aliyemfundisha hivyo? Sisi. Ni hadithi zetu zenyewe, mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula, anayemtuma kisimani usiku, anayependelea wa kwake. Tumezisimulia miaka yote bila kufikiri kwamba siku moja msikilizaji atakuwa mtoto anayesubiri mama wa kambo ashuke kwenye basi.

Hadithi za kale za Wazungu nazo ni hivyo hivyo. Snow White na Cinderella wote wawili wanateswa na mama wa kambo, na Narissa amekatwa kutoka kitambaa kile kile. Ndiyo maana ninaona kwamba watu wanaoisifu filamu hii kwa habari ya busu wanasifu jambo dogo. Ni kweli busu limegeuzwa: Giselle anapolala kwa sumu ya tufaha, Edward anambusu na hakuna kinachotokea, halafu Robert, ambaye siku zote alidai kwamba mambo hayo ni upuuzi, anambusu naye anaamka. Hilo ni zuri na watoto watapiga makofi. Lakini angalia kilichofanyika kwa mama wa kambo. Mapema katika filamu, Robert anapomweleza Morgan kwamba anataka kumwoa mchumba wake Nancy, kitu cha kwanza kinachomtoka mtoto ni hofu ya mama wa kambo. Baadaye Giselle anamtuliza kwamba amesikia habari za mama wa kambo wengi wazuri, hata Edward anaye mmoja, na ingawa yeye hajawahi kukutana naye, anasikia kuwa ni mtu mwema sana. Sisi watazamaji tunajua kwamba huyo mtu mwema ndiye aliyemtupa kisimani! Kicheko hicho kina uchungu ndani yake, na mtu akikiwahisha au akikichelewesha, watoto hawatakipata.

Halafu kuna sehemu ya dukani, na ndiyo ninayokuitia kutoka Sengerema. Giselle anahitaji gauni la kwendea kwenye dansi. Morgan anamwambia kwamba yeye ana kitu kilicho bora kuliko mama mchawi wa hadithini, kisha anatoa kadi ya benki ya baba yake. Wanazunguka madukani, wanabeba mifuko, wanatengenezwa nywele, na hapo mtoto anauliza kama hivi ndivyo inavyokuwa mtu akienda kununua vitu na mama yake. Giselle anajibu kwamba hajui, kwa maana hakuwahi kwenda na mama yake. Morgan naye anasema hajawahi. Basi. Hakuna muziki wa kilio, hakuna ahadi, hakuna anayemwita mwenzake mama. Ni mtu mzima na mtoto ambao wote wawili hawajui jambo moja na wanalijaribu pamoja. Kijana wetu wa kibanda umiza alikuwa bado anamalizia utani wake kuhusu kadi ya benki, akayafunika maneno hayo kabisa. Nilimtazama Minza. Alikuwa amesogea hadi karibu na skrini akijaribu kusoma midomo ya wale wawili, na aliposhindwa akanigeukia na kuniuliza, «Bibi, wamesema nini?» Nilimweleza kwa haraka, lakini picha ilikuwa imekwisha kupita.

Sasa unaelewa kwa nini ninakutaka wewe. Wewe unaitwa Mama Kulwa kwa mapacha ambao hukuwazaa, na ninakumbuka vizuri maneno yaliyosemwa ulipoolewa na mjane mwenye watoto wadogo, pamoja na wale waliokutabiria kwamba Doto hatakula chakula chako. Leo Doto huyo huyo anakupigia simu kabla ya kumpigia baba yake. Sikuombi usimame ukumbini utoe ushuhuda. Ninachoomba ni kwamba sehemu ile isemwe na sauti ya mtu anayeijua kwa ndani. Kama ombi hili linakugusa mahali pasipofaa, niambie waziwazi na tutabaki kama tulivyo.

Upinzani pia upo, nao unaitwa Mzee Lubango. Ameitazama filamu kwa nusu na kutoa hukumu nzima: kwamba inamfundisha binti aliyekwisha kuposwa amwache mchumba wake. Nilimuuliza, kuposwa kupi? Hapakuwa na mshenga, hapakuwa na barua ya posa, wala ng'ombe hata mmoja hakuhesabiwa. Yeye mwenyewe aliwahi kukesha akibishania ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika, iweje leo atetee uchumba wa jioni moja msituni? Alinyamaza akavuta ugoro wake, kisha akaniuliza kuhusu Nancy, na hapo alinishika kidogo. Nancy amekuwa na Robert miaka mitano akisubiri neno, na mwisho wa filamu ni yeye anayeingia Andalasia na kuolewa na Edward ambaye amekutana naye usiku ule ule. Filamu inayotuambia kwamba watu wafahamiane kwanza inamalizia kwa harusi ya chapuchapu! Nilimjibu kwamba Nancy alikuwa na njaa ya wimbo kwa miaka mitano, na kwamba waandishi walitaka kuukosoa ulimwengu wa kale bila kuuchoma moto, kwa hiyo Giselle anabaki mjini kujifunza na Nancy anapewa hadithi. Hakuridhika. Kusema kweli, hata mimi sijaridhika sana, lakini sikumwambia.

Jambo jingine ambalo Mzee Lubango hakulifikia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kwenda zake, ni jinsi wokovu ulivyogeuzwa. Narissa anapokuwa joka na kumbeba Robert hadi juu ya jengo la Woolworth, anayechukua upanga na kumfuata ni Giselle. Minza aliuliza kama joka lile ni Shing'weng'we, zimwi la hadithi zetu za Kisukuma linalomeza watu, na mimi nikasema ni binamu yake. Katika hadithi yetu, mama aliyejificha kwenye pumba anamzaa Masala Kulangwa, na ni mwana anayewatoa watu tumboni mwa zimwi. Hapa mwanamke hangoji kuzaa mtetezi. Utaona mwenyewe namna ya kulisema hilo bila kuwahubiria watoto. Pale Giselle anapomkasirikia Robert pia nenda taratibu, kwa sababu hajawahi kukasirika maishani mwake, na katikati ya ugomvi anagundua kwamba hii ndiyo hasira, akaanza kufurahi kwamba anayo. Hicho ndicho kipande ninachokipenda mimi, ingawa hakina uhusiano wowote na Minza.

Nyimbo nadhani tusizifasiri. Muziki ni wa Alan Menken na maneno ni ya Stephen Schwartz, na nyimbo tatu za filamu hii zilipendekezwa kwa Oscar mwaka mmoja. Watoto wataelewa kwa macho, hasa ule wimbo wa bustani kubwa ya New York, ambapo Giselle anamuuliza Robert mwanamke anajuaje kwamba anapendwa kama hakuna anayemwambia wala kumwonyesha, na kabla wakili hajapata jibu bustani nzima imekwisha kuingia kwenye dansi. Wewe sema neno moja mwanzoni, kisha pumzika unywe maji. Ninachowazia zaidi ni siku ya kutangulia. Utani mwingi humu unadai mtu awe anajua tufaha lenye sumu, kiatu kilichoachwa kwenye ngazi na saa sita ya usiku, na baadhi ya watoto wetu hawajui hata kimoja. Ningependa Ijumaa jioni uwakalishe uani kwangu uwasimulie hizo za kale kwa ufupi, mama wa kambo akiwa mbaya kama alivyo, ili kesho yake wapate kitu cha kugeuzwa mbele ya macho yao.

Sasa nijibu haya, na usiniandikie kwamba utafikiri. Je, Baba Kulwa atakuruhusu siku tatu? Kisingizio cha kivuko huna tena, kwa maana tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, kilomita 3 za lami juu ya maji, na unaweza kunywa chai kwako na kula sato mchana kwangu. Je, unaweza kuja na Doto? Minza akimwona msichana mkubwa anayekuita mama bila kusitasita, huenda maneno yangu yote yakawa hayana kazi. Je, nimwalike binti wa Musoma aje akae ukumbini pamoja na watoto, au ataona tumemtegea? Je, Mabula aambiwe, au tumwache aamini kwamba ni filamu tu? Na sehemu ya pili nifanyeje nayo? Ilitoka mwaka 2022, na ndani yake Giselle anajitakia maisha ya hadithini hadi anaanza kugeuka kidogo kidogo kuwa yule mama wa kambo mwovu mbele ya Morgan aliyekwisha kuwa kigoli. Binamu zake Minza wa Dar es Salaam wamekwisha kumsimulia, na sasa anaitaka. Ungekuwa wewe, ungemwonyesha kabla ya harusi, baada ya harusi, au ungesema diski imekwaruzika? Na wale vijidudu vya ziwani wanaojaa kwenye mwanga wa projekta jioni, je, huko Sengerema mnawafukuza kwa kitu gani?

Nijibu kabla ya wiki ijayo, kwa sababu Jumatano kamati inakaa, na nisipotaja jina la msimulizi watamrudisha kijana wa Gamboshi. Nauli nitatuma kwa simu.

Wako akupendaye,
Mama Mabula